Kiongozi Asiyepiga Ala

Katika okestra yupo mtu mmoja asiyetoa sauti yoyote. Husimama mbele ya wapigaji, akawaonyesha kwa mikono wakati wa kuanza, wa kupunguza na wa kunyamaza. Wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Juba, waliozoea kwaya za kanisani, wanamfahamu mtu wa namna hiyo. Ndiyo sababu tuliwasimulia habari za Karl Eliasberg.

Eliasberg alizaliwa Minsk mwaka 1907. Tangu mwaka 1937 aliongoza okestra ya redio ya Leningrad, mji uitwao leo St Petersburg. Okestra kuu ya mji ilikuwa chini ya Yevgeny Mravinsky, na vita vilipofika mwaka 1941 ilihamishiwa Novosibirsk. Ile ya redio ilibaki katika mji uliozingirwa, ambamo njaa iliua mamia ya maelfu.

Mwaka 1942 Eliasberg aliwaita wapigaji wake. Walifika wapatao 15 tu, na baadhi yao hawakuwa na pumzi ya kupuliza tarumbeta. Wakaongezwa chakula kidogo, na wanajeshi waliojua ala wakaja kuziba mapengo. Tarehe 9 Agosti wakapiga Simfonia ya Saba ya Dmitri Shostakovich, na vipaza sauti vikaifikisha hadi kwenye mahandaki ya adui.

Baada ya vita Mravinsky alikwisha rudi, na nyota ya Eliasberg ikafifia. Ikawa kazi yake kuzunguka miji, leo okestra hii, kesho ile. Tarehe 27 Januari 1964 aliwakusanya wapigaji waliosalia, wakaipiga tena simfonia ileile. Alifariki mwaka 1978.

Darasa liligawanyika. Wapo waliosema kwamba alidhulumiwa, na mtu asifanye kazi isiyo na shukrani. Hatukuwakemea, maana mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwatawanya wengi wao hadi Uganda na Kenya, na Kiswahili chao walikiokota ukimbizini. Sisi wenyewe, baada ya Julai ile, tulifundisha ngeli kwa wanafunzi saba.

Hata hivyo, twaamini kwamba jambo la kupimia maisha ya Eliasberg si cheo alichokikosa. Ni wale waliotoka vitandani kwa sababu aliwaita.