OK ya Uongo

Leo tuongee juu ya neno dogo: OK.

Kuna kompyuta kuukuu ninayoiangalia Eldas, Kaunti ya Wajir, katika duka moja la dawa. Inatumia Debian na umeme wa sola. Betri zikiisha inazimika, jua likipanda inawashwa tena. Kwa hiyo watu wa pale huyaona maandishi ya kuwaka mara nyingi kuliko mimi na wewe.

Aliyeitengeneza kabla yangu aliandika hivi:

mount /data
echo "Diski ya data [ OK ]"

Mnaona tatizo? Hiyo echo haijui kilichotokea mstari wa juu. Asubuhi moja mount ilishindwa, skrini ikasema OK, na mhudumu akaingiza mauzo ya siku nzima. /data ilikuwepo, lakini kama folda tupu tu ya diski ya mfumo. Kesho yake diski ikaunganishwa vizuri, ikaifunika ile folda, na mauzo ya jana hayakuonekana. Mhudumu akaanza kuulizwa pesa ziko wapi! Nilipoitenganisha diski kwa umount, rekodi zote zilikuwa pale chini.

Kila amri ya Linux huacha namba ndani ya $?. Sifuri ni kufaulu, nyingine yoyote ni kushindwa. Debian ina vifaa vya kuisoma:

. /lib/lsb/init-functions
log_daemon_msg "Naunganisha diski ya data"
mount /data
hali=$?
log_end_msg $hali
exit $hali

Kwa nini niihifadhi namba kwanza? Kwa sababu $? hushika amri ya mwisho tu. Ukichomeka echo katikati, utasoma namba ya echo. Na ile exit ina kazi yake: tangu Debian 8 ya mwaka 2015, systemd ndiyo huwasha huduma, na maneno ya skripti huishia kwenye kumbukumbu za journalctl. Bila namba ya kushindwa, systemd nayo itaamini mambo ni shwari.

Sasa diski ikikosekana programu ya mauzo haifunguki, na skrini inasema kwa Kisomali na Kiswahili: "Diski haijaunganishwa. Andika kwenye daftari, kisha piga simu."

OK ni ushahidi, jamani. Usiitoe kabla hujaona.