Kumuombea rafiki aliyekufa

Hapa kwetu Nundu Wametodisti na Wakatolika tunalima pamoja na tunazikana pamoja. Lakini kisha kuzika, njia zinaachana.

Rafiki yangu alikuwa Mmetodisti. Alipokufa, jamaa yake waliimba, wakamshukuru Mungu, basi. Kwao, mtu akisha kufa mambo yake iko kwa Mungu tu. Sisi tunasoma kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, pale Yuda anatoa sadaka juu ya wafu. Kitabu hicho hakimo katika Biblia yao.

Tangu 1976 Roma inaruhusu misa ya wazi kwa Mkristo wa Kanisa lingine, kama jamaa ao rafiki wanaiomba na haileti kikwazo. Lakini matanga haikuwa yangu. Nikamuuliza kwanza mjane wake. Akajibu: «Uombe, shemeji. Alikuwa wako pia.»

Mwezi wa Novemba unatufundisha tofauti. Tarehe 2 tunaombea marehemu wote. Tarehe 28 tunakumbuka Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliouawa Baraka, Giovanni Didonè na padri Albert Joubert waliouawa Fizi, mwaka 1964. Walitangazwa wenye heri kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hao hatuwaombei tena, tunawaomba watuombee.

Rafiki yangu hakutangazwa na mtu. Alikuwa na madeni na hasira, sawa sisi. Ndiyo maana kila jioni ninamshikia shapele.