Mfu Asiye na Mrithi

Ukitoka Kolwezi kuelekea kaskazini-magharibi, unayaacha mashimo ya shaba na kobalti, unaingia Kapanga, nchi ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Huko kila kichaka kina miiko yake. Hapa usikate kuni. Hapa usipite jua likizama. Pale watu walisikia mtu anakohoa, wakatazama, hawakuona mtu.

Nilikwenda Musumba, mji wa mfalme huyo, kuulizia vichaka hivyo. Nilitaka kujua ni nani anayetisha mle, na tangu lini. Lakini je, hofu ina tarehe ya kuzaliwa?

Zamani kila Mwant Yav mpya alijijengea musumba wake, mji uliopangwa kwa umbo la kobe, na ule wa mtangulizi wake ukaachwa uote majani. Nyumba za nyasi haziachi magofu. Kinachobaki ni miti.

Mti wa muyombo hupandwa kwa tawi lililochomekwa ardhini. Mvua ikinyesha, linachipua. Ukibandua gome, ubao wake ni mweupe. Chini ya mti huo watu huita wafu wao kwa majina. Wenye mji wakihama, mti haufuati. Unabaki pale unanenepa, haunyweshwi pombe, hauitiwi mtu. Kichaka tunachokikwepa usiku, kilikuwa ua wa nani?

Nilimuuliza mzee mmoja, "Papa, mizimu iliyo mule ni ya nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ya wafalme tunaijua, mwanangu. Ile ina watu wake."

Kumbe ipo isiyo na watu.

Walunda hawarithi mali tu. Anayerithi jina humrithi mtu mzima: ndugu wa marehemu wanakuwa ndugu zake, na vita vilivyopiganwa kabla hajazaliwa anavisimulia kwa kusema "mimi". Simulizi za mto Kalanyi zinasema kwamba Ruwej, malkia aliyempa mwindaji Chibinda Ilunga bangili ya ufalme, hakujaliwa mtoto. Mwant Yav wa kwanza alizaliwa na mke mwingine wa Ilunga. Hata hivyo kiti cha Ruwej hakikukaa kitupu. Mwanamke mwenye cheo cha Swana Mulunda hukikalia, na Walunda humhesabu kuwa mama yao. Tasa amekuwa mama wa ufalme mzima. Kwake yeye, kifo kilichukua nini?

Na wengine je? Majirani zao Wachokwe walipouvamia Musumba katika miaka ya 1880, waliouawa na waliochukuliwa mateka, majina yao yalimwangukia nani? Mwanasiasa Moïse Tshombe alizaliwa Musumba mwaka 1919, akafia kizuizini Algiers mwaka 1969, akazikwa karibu na Brussels. Vitabu vinamtaja, lakini kutajwa na kuitwa ni kitu kimoja?

Siku hizi vijana huenda Kolwezi kuchimba. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba kobalti hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Shimo likiporomoka, wapo wasiotolewa. Kijana aliyefukiwa kabla hajapata kiti, nani atakikalia kiti chake?

Nadhani tunachoogopa kichakani si kwamba marehemu atarudi. Huenda tunaogopa kwamba hana pa kurudia, kwamba amebaki nje ya kila nyumba kwa sababu hakuna nyumba inayomkumbuka. Tukipita pale tunaharakisha miguu, maana tunajiona wenyewe, miaka mia ijayo.

Baba yangu alipofariki, tuligawana kwa amani. Mmoja alichukua redio, mwingine baiskeli, mimi nikapata koti lake la kazini, lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kila kitu kilipata mwenyewe. Hakuna aliyeuliza nani atamchukua baba.

Sijui kama jina linatosha kumbakiza mtu. Koti halikutosha.