Levye ya Vitesi na Urithi wa Baba

Mtu akisema desturi, wengi wetu tunawaza mara moja ngoma, mahari, matanga na hadithi za wakubwa. Ni kweli, hizo ni desturi. Lakini sisi tuliozaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, tulikuta desturi nyingine ndani ya lupango ya wazazi, chini ya muembe: baba amelala chali chini ya Coccinelle yake ya mwaka 1967, na mtoto mmoja amechuchumaa kando, anashika taa. Hatukujua kama ile nayo ni mila. Tulidhani ni kazi tu.

Katika kurasa hizi tunaeleza namna tulivyofungua na kujenga upya levye ya vitesi ya motokari ile, na namna kazi hiyo ilivyogusa ugomvi uliokaribia kuvunja jamaa yetu.

Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya kampuni moja kubwa. Motokari aliinunua mwaka 1978, ya mkono wa pili, na akaitunza mpaka kifo chake mwaka 2004. Alikuwa Mubemba wa upande wa Sakania. Kwa Babemba, kama wasomaji wengi wanavyojua, ukoo unafuata damu ya mama. Mtu akifa, nafasi yake na mali yake vinatazamwa kwanza na ndugu zake wa tumbo moja, halafu na waipwa wake, yaani watoto wa dada zake. Watoto wake mwenyewe wanahesabiwa upande wa mama yao. Lakini sheria ya nchi, yaani Kodi ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema neno lingine: watoto wa marehemu wanapata robo tatu za urithi.

Basi, matanga yalipoondolewa, maneno yakaanza. Shangazi yetu alikuwa na kijana wake ambaye baba alimlea na kumfundisha kazi. Baba alikuwa akimwita Mwipwa, na jina hilo likamkaa. Hata jirani walimwita hivyo. Shangazi akasema mbele ya wote: «Mutuka ilikuwa ya mujomba wake. Njo kusema ni ya mwipwa.» Yaya wetu mkubwa, aliyesoma, akajibu kwa sheria. Akatoa karatasi za motokari, akazikunja, akaziweka mfukoni. Toka siku ile yeye na Mwipwa hawakusemeshana tena. Kama lilikuwako neno la lazima, lilipita kwa mama.

Tukubali kosa letu hapa: sisi tulikuwa na karatasi, lakini hakuna kati yetu aliyejua kuitengeneza. Mwipwa hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na mkono. Na motokari ilikuwa inaugua. Wakati wa ugonjwa wa baba levye ilikuwa imelegea, inacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Vitesi ya pili ilikuwa ngumu kupatikana, na ikipatikana, inaruka yenyewe. Ikakaa miaka mitatu chini ya muembe. Kuku wakataga ndani. Mwaka 2007 wanunuzi wa mitraye wakawa wanapita kila juma na mizani yao, na Yaya akaanza kusikiliza bei.

Mama ndiye aliyekata maneno. Alisema: «Mwenye kupenda kuikamata, aitembeze kwanza. Mutuka yenye haitembee haina mwenyewe. Ni ya kutu.» Halafu akatuma mtu kwa Mwipwa.

Alifika Jumamosi asubuhi na sanduku la vyombo ambalo tulilitambua wote, maana lilikuwa la baba. Yaya alilitazama, akanyamaza. Mwipwa akatusalimia, akamwomba mama maji ya kunywa, akaanza.

Kwa wale wasioijua motokari hii, tueleze kidogo. Mashini ya Coccinelle iko nyuma, na gia ziko huko huko nyuma. Lakini dereva anakaa mbele. Kwa hiyo kuna chuma kirefu kinachopita ndani ya mgongo wa motokari, katikati ya viti, toka chini ya levye mpaka kwenye gia. Mkono wa dereva unasukuma levye, levye inasukuma chuma, na chuma kinapeleka amri nyuma. Mbele, chuma hicho kinapita ndani ya pete ndogo ya plastiki. Nyuma, kinaungana na gia kwa kiungo chenye mpira. Pete ikiisha au mpira ukioza, amri haifiki sawasawa. Gia zenyewe zinaweza kuwa nzima kabisa, na watu wanazihukumu bure.

Kwanza Mwipwa aliinua kiti cha nyuma na kutenga waya wa betri, maana katika Coccinelle betri inakaa chini ya kiti hicho, na chombo cha chuma kikigusa vibaya, cheche zinaruka. Halafu akaja mbele, akavuta juu mfuko wa mpira unaofunika shina la levye, akaweka kle ya 13 kwenye buloni mbili. Levye ikatoka mzima, na springi yake, na kibati kidogo chenye ukingo mmoja ulioinuka. Akaandika alama ya penseli juu ya kibati, akasema: «Hii muiangalie muzuri. Njo inazuia mukono usiteleze ku vitesi ya kurudi nyuma wakati unatafuta ya pili.» Tukaitika wote.

Nyuma, chini ya kiti, kuna kifuniko kidogo. Akakifungua, kiungo kikaonekana. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Ulimong'onyoka mkononi kama udongo. Akakata kiwaya kinachozuia skurubu isijifungue, akalegeza skurubu, akatenga kiungo. Halafu akarudisha chuma kirefu nyuma, kidogo kidogo, mpaka ncha yake ya mbele ikatoka ndani ya pete.

Ndipo alipoomba taa. Mdogo wetu wa kike, mtoto wa nne, akaishika. Mwipwa akaingiza vidole viwili ndani ya tundu la levye, akatafuta, akatoa kitu cheusi cha grese, akakipangusa kwa kitambaa. Haikuwa plastiki. Ilikuwa ngozi, imekatwa vizuri, imeviringwa, na imefungwa kwa waya wa shaba.

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Alisogea, akaitazama, akasema: «Huo ni mushipi wake.»

Mwipwa akatueleza. Mwaka 1991, baada ya uporaji ule, maduka ya vipuri mjini yalibaki matupu. Pete ya plastiki ilikuwa imevunjika, na hakukuwa mahali pa kununua nyingine. Baba akakata mshipi wake wa suruali, akaulowesha mafuta, akaupima mara nyingi, akautia. Mwipwa ndiye aliyeshika taa usiku ule. Baba alimwambia kwamba ni ya kusaidia juma mbili tu, mpaka ipatikane ya kweli. Ikakaa miaka kumi na sita. Na sisi, watoto wenye robo tatu, hatukulijua jambo hilo.

Pete mpya Mwipwa alikwisha kuipata. Dereva mmoja wa lori aliileta toka Afrika Kusini kwa njia ya Kasumbalesa, pamoja na kiungo kipya. Kule Coccinelle ziliundwa katika mji wa Uitenhage toka mwaka 1951 mpaka mwaka 1979, na vipuri vyake havijapotea. Ni kitu kidogo kuliko kifuniko cha chupa, chenye mpasuko upande mmoja, na pete ya waya ya kukikaza mahali pake. Akakiingiza kwa kidole, akakipaka grese.

Lakini sasa kazi ikafika mahali ambapo mtu mmoja hatoshi. Kurudisha chuma ndani ya pete kunataka mmoja mbele, anayeongoza ncha kwa kidole, na mwingine nyuma, anayesukuma. Na anayesukuma haoni kitu. Anategemea sauti tu. Mdogo wetu alikuwa ameshika taa. Sisi wengine tulitazamana. Yaya akavua saa yake, akaiweka juu ya dirisha, akaingia nyuma.

«Sukuma,» Mwipwa akasema.

«Ninasukuma.»

«Polepole, Yaya. Simama. Rudisha kidogo. Geuza ku kuume.»

«Namna hii?»

«Njo vile. Sukuma tena.»

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mwipwa alimwita Yaya ingawa yeye mwenyewe ndiye mkubwa kwa miaka. Labda ilimtoka tu. Chuma kikaingia, tukasikia mlio mdogo, na wote wawili wakasema pamoja: «Imeingia!»

Kupima vitesi nako kunataka watu wawili. Gia inawekwa kwenye ya pili, levye inasimamishwa wima, ndipo buloni zinakazwa. Halafu mmoja anakanyaga ambreyaji na kuzitafuta vitesi zote, mwingine anaangalia kiungo nyuma. Ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia bila kuruka, ya tatu, ya nne. Kwa kurudi nyuma, levye inagandamizwa chini, inapelekwa kushoto, halafu nyuma. Ikakataa. Tukajaribu mara kumi. Ikakataa.

Mwipwa akauliza alama ya penseli iko wapi. Ndipo Yaya akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeosha kibati kwa esanse, kwa kupenda usafi, na alama ikapotea. Tulikuwa tumekitia kimegeuka. Tukadhani ugomvi unarudi. Mwipwa akacheka tu, akasema hata yeye alifanya hivyo zamani, na mjomba wake alimfanya afungue na kufunga mara tatu mpaka mkono ushike. Akampa Yaya kle. «Fungua weye.» Yaya akafungua, akageuza kibati, akafunga. Vitesi ya kurudi nyuma ikaingia.

Jioni ile motokari ilitoka ndani ya lupango, ikazunguka mtaa, na watoto wa jirani wakakimbia nyuma yake. Mama alikaa mbele. Hakusema kitu.

Baadaye jamaa ilikaa, shangazi akiwapo. Tulipatana hivi: Coccinelle haitauzwa. Karatasi zitakaa kwetu, ufunguo utakaa kwa Mwipwa, na faida ya safari za ndoa na za matembezi itagawanywa, pamoja na fungu la mama. Shangazi hakufurahi sana, na kusema kweli Yaya naye alinung'unika. Lakini hakuna aliyekwenda mbele ya tribinali.

Tangu hapo tumefikiri mengi juu ya neno ubupyani, ambalo Babemba wanalitumia kwa urithi. Wakubwa walitueleza kwamba anayerithi anasimama mahali pa marehemu. Anakamata jina lake na mizigo yake. Sisi tulilichukua neno lile kwa upande wa vitu tu: nani atakamata motokari, nani atakamata redio. Sheria inaweza kugawa motokari kwa robo tatu na robo moja, na ni vizuri iwepo, maana wajane na mayatima wengi walifukuzwa nyumbani kwa jina la desturi. Lakini sheria haiwezi kugawa mkono. Mkono unarithiwa na yule aliyeshika taa.

Mwipwa alikwenda Kolwezi kutafuta kazi mwaka 2012, akatuachia ufunguo. Mwaka 2015 levye ilianza tena kucheza. Mdogo wetu wa kike hakumwita mtu. Alitandika gunia chini ya muembe, akaweka alama, na safari hii aliichora kwa msumari, si kwa penseli. Akamwita mwanawe wa miaka tisa. Mtoto akauliza afanye nini.

«Kamata taa,» akamwambia. «Na uangalie.»

Pete ya ngozi iko bado kwa mama, ndani ya kopo la sukari. Tulimuuliza siku moja kwa nini haitupi. Akatujibu kwamba plastiki ile haitadumu miaka kumi na sita.