Shahada ya Kiingereza na Ngano za Kwetu

Kwetu Rudewa, wilayani Kilosa, aliyesomea uganga au kilimo hahitaji kujieleza. Mgonjwa atamfuata, na mkulima atamwuliza habari za mbegu. Lakini aliyesoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake katika chuo kikuu huulizwa na wazee, "Mwanangu, sisi utatufaa nini?" Swali hilo halina dharau, nami naona lastahili jibu.

Jibu jepesi ni kwamba atakuwa mwalimu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali sekondari masomo hutolewa kwa Kiingereza. Mtoto wa mkulima hulazimika kujifunza lugha na elimu kwa mara moja, na anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kazi hiyo si ndogo, ila haimalizi jibu.

Kiingereza kwetu ni lugha ya tatu. Mashamba ya mkonge yalikusanya Rudewa watu wa makabila mengi. Hivyo nyumbani kuna lugha ya wazazi, na sokoni kuna Kiswahili. Anayefika chuoni akiwa na lugha hizo mbili hana sababu ya kuzitupa mlangoni. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ivunjwe, ili fasihi ya Afrika, pamoja na ile isimuliwayo kwa mdomo, iwe ndiyo kitovu cha masomo. Naye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: *Julius Caesar*, iliyotoka 1963, na *Mabepari wa Venisi*, 1969. Hao wote walikijua Kiingereza vizuri, na hawakukubali kiwe ndiyo kipimo cha akili ya mtu.

Jambo lililonigusa zaidi liko karibu na nyumbani. Mmarekani mmoja, T. O. Beidelman, alianza utafiti wake kwa Wakaguru, jirani zetu wa milimani, mwaka 1957. Alikusanya ngano zao, akazieleza kwa Kiingereza. Basi mjukuu wa msimulizi, asipoijua lugha hiyo, hawezi kusoma yaliyoandikwa juu ya maneno ya babu yake!

Hapo ndipo naliona jibu kamili. Fasihi humfundisha mtu kuuliza ni nani asimuliaye, anamsimulia nani, na ni kitu gani kimeachwa bila kusemwa. Mwenye elimu hiyo aweza kuzirudisha ngano hizo kwa Kiswahili, kisha akaenda kwa wazee walio hai, akawasomea, wakasahihisha, wakaongeza nyimbo na vitendawili ambavyo mgeni hakuvisikia. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Ila wazee hao wanapungua kila mwaka, na kazi hii haitangoja kizazi kingine.