Kuba Nyeupe Melini

Ras Serani, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ndipo watu wa mji hupunga upepo jioni. Wauza madafu na mihogo hujipanga kando ya njia, watoto hukimbizana chini ya mibuyu, na mbele yao ni mlango wa Kilindini. Meli za makontena hupita karibu mno, hata mabaharia walio sitahani huonekana mmoja mmoja.

Aendaye huko na atazame juu ya chumba cha nahodha. Ataona kuba nyeupe, moja au zaidi, mfano wa kuba za misikiti yetu. Ndani yake mna sahani ya mawasiliano inayojigeuza wakati wote, ili meli ikiyumba kwa mawimbi isipoteze mwelekeo wa setilaiti. Wapita njia huliona kuwa pambo. Kwa nyumba za mabaharia, sauti ya baba hupitia hapo.

Zamani jahazi likiondoka na kusi, habari zake zilingojea kaskazi. Kisha ikaja simu ya upepo na alama za Morse, zilizobeba maneno machache. Mwaka 1979 mataifa yaliunda shirika la Inmarsat, na mwaka 1982 likaanza kuhudumia meli. Setilaiti zake zimewekwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na Bahari yetu ya Hindi imo katika upeo wake. Kwa umbali huo neno huchukua takriban robo ya sekunde kufika, na jibu robo nyingine. Ndiyo maana wasiozoea hukatizana maneno; mmoja na atulie, mwenziwe amalize.

Faida ya kwanza ni uhai. Tangu Februari 1999, meli za mizigo za tani 300 na zaidi zisafirizo kimataifa hulazimika kuwa na mitambo ya kuita msaada. Nahodha hubonyeza kitufe, na vituo vya uokoaji hupata habari. Kimojawapo kiko papa hapa Mombasa tangu 2006.

Lakini moyo nao wahitaji kuokolewa. Kwa miaka mingi dakika moja iligharimu dola kadhaa. Mke alijifunza kuchagua maneno: watoto wazima, karo imelipwa, mama hajambo. Yaliyo mazito, kama ugonjwa, deni au kijana aliyeanza kupotoka, yaliwekwa mpaka mkataba wa miezi tisa uishe, naye akayabeba peke yake.

Leo setilaiti nyingine huzunguka chini zaidi, kiasi cha kilomita 550, na huwezesha hata kuonana uso kwa uso. Tena Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, umerekebishwa: tangu Desemba 2024, wenye meli hutakiwa kuwapa mabaharia intaneti kadiri iwezekanavyo, na wakitoza, malipo yawe ya kiasi.

Basi kabla mume au mwana hajatia sahihi mkataba, na wakala aulizwe: je, melini mna intaneti? Nani hulipa? Zamu zake za kazi ni saa ngapi? Maswali hayo si udaku wa wanawake. Ni haki ya nyumba inayobaki nchi kavu, ikilea watoto na kungoja.