Mlinzi wa Mguu Wangu

Mimi mwalimu wenu nimeugua ukoma. Watu wengi hudhani kwamba ukoma hula vidole vya mtu, sivyo. Mwaka 1873 Daktari Armauer Hansen wa Norwei aligundua vijidudu vyake, nasi twajua sasa kwamba vijidudu hivyo huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa ikiisha kufa, mguu hausikii moto wala mwiba. Mtu hukanyagia kidonda chake kwa kuwa hakimwumi, na kidonda kisichotunzwa ndicho kiletacho kilema.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa pamoja, na leo dawa hizo hutolewa bure. Nilizimeza miezi 12, vijidudu vikafa, wala simwambukizi mtu. Walakini mishipa ya mguu wangu wa kushoto haikufufuka.

Maumivu, enyi wanafunzi, ni mlinzi wa mwili. Hupiga kelele adui aingiapo. Mlinzi wa mguu wangu amekufa, basi sharti nishike zamu mwenyewe. Daktari huniona mara chache kwa mwaka, lakini mguu ninao kila siku.

Kila jioni, kabla jua halijatua, hutazama unyayo wote na katikati ya vidole. Nisipoweza kuona vema, mke wangu hunitazamia. Kisha hutia mguu katika maji baridi kwa muda wa nusu saa, nikasugua ngozi ngumu polepole kwa jiwe jepesi la volkano, ambalo nchi yetu ya Rungwe inalo tele. Halafu hupaka mafuta mguu ungali umelowa. Asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, hupapasa ndani kwa mkono, nisije nikatembea kutwa juu ya kijiwe.

Hapa Igogwe baridi ya mwezi wa Juni hutukusanya sote jikoni. Wenzangu husogeza miguu karibu na moto. Mimi hukaa mbali nikajifunika blanketi, kwa maana mguu wangu waweza kuungua nami nikaendelea na mazungumzo. Nikiona lengelenge au wekundu, sisemi, "Haliumi." Huosha mahali pale, hufunga kitambaa safi, na siku hiyo huketi nikifundisha. Lisipopona upesi, huenda hospitali.

Kazi hii hainipatii mguu mpya, ila hunihifadhia huu nilio nao, nao hunifikisha shuleni kila siku.

Nanyi, mkiona mwilini baka lisilosikia mguso, msilifiche kwa aibu. Semeni nyumbani, mwende hospitali mapema, kwa maana atibiwaye mapema huepuka kilema. Nasi tuliokwisha kupoteza mlinzi, Mungu ametuachia macho na mikono ili tukeshe badala yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.